Wembe Namba Saba

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya wateja. Mbele kuna vifua, viuno na mikono ya nusu ya mtaa. Mimi naanzia nyuma, kurasa ambazo hakuna mteja atakayezifunua, kwa sababu haya mambo nikibaki nayo moyoni nitapasuka.

Mvua imeanza leo, na pamoja na mvua kaja kinyozi.

Kituo chetu cha vijana kina ofisi ya Msimamizi, chumba changu cha cherehani, na stoo. Leo stoo imefagiliwa, ikapakwa chokaa, akakabidhiwa huyo mtu awafundishe vijana kunyoa. Amekaa gerezani miaka tisa. Zamani aliongoza kundi, na analisema hilo mwenyewe bila kupepesa macho, kama mtu anayekueleza kwamba aliwahi kucheza mpira. Wavulana kumi na wawili walikimbilia nje kwenye mvua kumbebea kiti chake cha chuma. Miaka minne iliyopita, cherehani zangu sita zilipofika, tulizibeba mimi na mlinzi wa geti.

Mwanangu ndiye aliyeshika mguu wa mbele wa kile kiti.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Paa linavuja juu ya cherehani ya tatu. Nimeweka ndoo.

Ijumaa, 7 Machi

Wiki iliyopita nilikuwa na wanafunzi kumi na moja. Leo nimebaki na wanne, na mmoja wao anaumwa jino, hawezi kwenda popote.

Nieleze vizuri, maana nikija kusoma haya uzeeni nitakuwa nimesahau. Vijana wanaoletwa kituoni wanatoka pande mbili za mtaro mkubwa. Wa upande wetu wanaitwa wa Tangini, kwa sababu ya tangi la maji. Wa ng'ambo ni wa Machinjioni. Kilichowagombanisha hakuna anayekikumbuka, lakini mwaka jana peke yake watoto watatu walizikwa. Mwanangu ana miaka kumi na sita. Nilimpa jina la babu yake, jina lenye uzito, wao wakambandika la Nukta kwa kuwa alikuwa mdogo kuliko wote kundini. Sasa kanipita kimo na bado ni Nukta. Mwaka jana alikamatwa kwenye vurugu za darajani akiwa na chuma mkononi na nyusi imechanika. Hakimu alimhurumia umri, akamleta kituoni badala ya kumpeleka gereza la watoto. Lakini alimwambia, nami nikiwa nimesimama pale pale: kosa moja tu tena, miaka miwili.

Kwa hiyo nimeishi mwaka mzima nikimlinda kama yai. Nilimweka darasani kwangu, cherehani ya kwanza, karibu na mkono wangu. Hakuwa na furaha lakini nilikuwa namwona.

Jumatano asubuhi kaja kuniambia, "Mama, nahamia kwa Mzee."

"Mzee gani?"

"Kinyozi."

Mtu ana miaka arobaini, keshakuwa Mzee.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepita mlangoni pake. Nilijisemea naenda kuazima mkasi.

Ana sanduku la mbao lenye matundu kumi na mawili, kila tundu lina namba na wembe wake wa kukunja. Msimamizi kampa sharti: nyembe zihesabiwe asubuhi na jioni mbele ya wote, na ukikosekana mmoja darasa linafungwa mpaka uonekane. Wanaoanza wananyoa puto lililopakwa sabuni. Puto likipasuka, mkono wako bado. Lisipopasuka siku tatu mfululizo, unapewa mtu.

Na hapo ndipo kuna kichaa chake. Kwake hunyolewi na wa upande wako. Wa Tangini ananyolewa na wa Machinjioni, na wa Machinjioni na wa Tangini. Hakuna mjadala. Nilikuta mmoja wa ng'ambo amekaa kitini, jasho linamtoka kidevuni, na nyuma yake kasimama mvulana ambaye mwezi uliopita walirushiana mawe. Ungesikia wembe unavyokwangua. Kinyozi mwenyewe alikuwa ameegemea ukuta anakula kipande cha mkate, anatazama dirishani, kama hana habari.

Wembe ulipofika chini ya taya, niliona mkono wa mnyoaji umesimama. Akavuta pumzi. Akaendelea.

Walipomaliza, yule wa kitini akajishika shavu, akasema, "Umeacha huku." Wakacheka wote, na mwanangu akacheka nao. Mwaka mzima sijasikia hicho kicheko, na sikuazima mkasi.

Jumatano, 12 Machi

Kinyozi kaja chumbani kwangu, kofia mkononi, adabu tele.

"Mwalimu, nilikuwa naomba msaada wako. Mashuka ya kufunika wateja. Kumi na mawili. Shingoni yafungwe kwa kifungo."

Nikamwambia sina nafasi. Akatazama cherehani zangu zilizokaa kimya, akatazama ndoo ya maji ya paa, akasema, "Nitasubiri, dada. Hata wiki mbili." Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikera.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeyashona yote leo. Shingo nimezipunguza kidogo kila moja, kiasi cha kubana. Nina miaka ishirini kwenye kazi hii na sijawahi kukosea shingo, kwa hiyo nisijidanganye.

Ijumaa, 14 Machi

Kwenye chakula cha jioni nilihesabu. "Mzee kasema" mara kumi na moja. Mzee kasema mtu akinoa wembe kwa hasira anauharibu. Mzee kasema unywe maji kabla ya kugombana. Mzee kasema, Mzee kasema.

"Huyo Mzee wako hana kwao?" nikamuuliza.

Akaweka kijiko chini. "Mama, una nini lakini?"

"Sina kitu. Kula."

Mama Pacha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye mdomo wake hauna breki, kaniambia leo kwenye kamba ya nguo: "Mwanao kapata baba." Akacheka. Nami nikacheka. Nilianika shati lile lile mara mbili.

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda kumkabidhi mashuka. Akanishukuru, kisha, kwa nia nzuri kabisa, akanichoma.

"Kijana wako ana moyo wa kusubiri," akasema. "Alipotusimulia ile siku baba yake alipoondoka, alivyokaa mlangoni na viatu miguuni mpaka giza, akidhani atarudi kumchukua, nilimwambia mtu wa namna hiyo ndiye anayefaa kunyoa. Hana haraka."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua.

Sikujua habari ya viatu. Nilikuwa ndani siku ile, nalia jikoni, na mtoto wa miaka saba alikuwa mlangoni amevaa viatu. Miaka tisa hajaniambia. Kamwambia mtu aliyetoka gerezani juzi, mbele ya puto na sabuni.

Nilipogeuka kuondoka akaniambia jambo la pili. "Jumatatu ni zamu yake. Atamnyoa Kidevu."

Kidevu ni wa Machinjioni, miaka kumi na saba, ndevu zilimwota kabla ya akili. Ndiye aliyemchana mwanangu nyusi. Nilikwenda moja kwa moja kwa Msimamizi kusema haifai, mtoto wangu mkono ukimtetemeka tu ni miaka miwili gerezani. Mama huyo alinisikiliza, akavua miwani. "Tangu aje, wiki mbili hakuna aliyeshonwa hospitalini," akasema. "Unakumbuka mara ya mwisho tumepata wiki mbili?"

Miaka minne nimewafundisha kola na mifuko, na hakuna aliyewahi kunihesabia wiki.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua mchana kutwa. Mtaro umejaa hadi juu.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimefua.

Kwenye suruali yake ya kazi, mfuko wa nyuma, kulikuwa na kitu kigumu kimefungwa kwenye kipande cha kitambaa changu cha maua. Nikakifungua juu ya beseni. Wembe wa kukunja. Kwenye mpini kuna namba saba.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na mikono ina povu. Jumatatu anamnyoa Kidevu, na Jumamosi ana wembe mfukoni. Nilimwona mwanangu darajani, nikamwona hakimu, nikauona mlango wa chuma. Hilo lilikuwa wazo la kwanza, na mama yeyote angekuwa nalo.

Wazo la pili lilikuja polepole, nikiwa bado nimekaa. Nyembe zitahesabiwa Jumatatu asubuhi. Zitakuwa kumi na moja. Darasa litafungwa.

Nina kopo kubwa la vifungo ambalo lilikuwa la mama yangu. Nimeutumbukiza humo, nikaufunika kwa vifungo. Suruali nimeianika. Mwanangu alikuwa amekwenda kuteka maji. Aliporudi nikamuuliza kama ana njaa.

Jumapili, 23 Machi

Amepekua chumba chake tangu asubuhi. Kageuza mifuko yote, kachungulia chini ya kabati, kakung'uta viatu. Mimi nilikuwa nashona mbele yake.

"Unatafuta nini?"

"Kitu tu."

Alipomaliza kwake akaja chumbani kwangu. Akaniomba ruhusa ya kutazama chini ya godoro langu. Nikainuka nikamsaidia kulinyanyua.

Jumatatu, 24 Machi

Kumi na moja.

Walihesabu mara tatu. Vijana walisimama kwenye mstari, mvua inapiga bati, na yule mdogo kuliko wote ndiye aliyetaja: "Tano. Sita. Nane." Kila mtu akatazama tundu la saba.

Msimamizi akauliza nani. Vijana wakaangalia sakafu. Akamuuliza kinyozi. Kinyozi akasema, "Sanduku ni langu. Jawabu ni langu." Msimamizi akamwambia afunge mlango na asirudi mpaka wembe uonekane, na kama hauonekani hadi mwisho wa mwezi ujao, asirudi kabisa.

Akatuita walimu na mlinzi, mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika akauliza kama nimeona au nimesikia chochote. Nikamwambia, "Mtu aliyezoea gereza, mama, utamjulia wapi."

Nimeliandika hapa kama nilivyolisema.

Wakati kinyozi anatoka getini, amebeba mfuko mmoja tu, alinipungia mkono. Mimi, sio vijana. Vijana walikuwa wanatazamana, upande huu na upande ule.

Jumanne, 25 Machi

Wanafunzi wangu wamerudi. Saba. Mwanangu yuko cherehani ya kwanza, karibu na mkono wangu.

Alhamisi, 27 Machi

Nina furaha. Niseme ukweli, ndiyo maana nimeanzia nyuma ya daftari. Tunakwenda pamoja asubuhi chini ya mwavuli mmoja, tunarudi pamoja. Jana alinimenyea vitunguu. "Mzee kasema" hazisikiki tena. Hazungumzi sana, anashtuka mlango ukigongwa, lakini yupo. Nikiamka namkuta.

Kopo la vifungo liko juu ya kabati. Wateja watatu nimewaambia vifungo vimekwisha.

Jumapili, 30 Machi

Nilikuwa nafagia chini ya kitanda chake. Nimekuta puto. Limesinyaa, lina sabuni iliyokauka, na mikwaruzo midogo midogo ya wembe, mistari iliyonyooka, iliyosawazishwa kama mshono wa mtu makini.

Nililishika muda mrefu. Alikuwa anafanya mazoezi. Hakuuchukua wembe amkate mtu. Aliuchukua ili asimkate.

Sasa najua, na ningeweza kuinuka saa hii nikaufikisha kwa Msimamizi. Mwanangu yuko nje anatengeneza mwavuli wetu, anapiga mluzi. Nitakwenda kesho.

Jumatatu, 31 Machi

Kesho.

Jumanne, 1 Aprili

Hakuna hata mmoja wa Machinjioni aliyeonekana kituoni leo. Wa kwetu wanasema wembe wanao wao, kule ng'ambo. Nimesikia wa kule wanasema uko huku. Mmoja wa wanafunzi wangu, yule anayeshona kola vizuri kuliko wote, kaja na nondo kaificha ndani ya mguu wa suruali, anatembea kama mwenye mguu wa mti. Nilimwambia airudishe kwao. Akaniambia, "Mama Fundi, wembe mmoja uko nje. Unataka nitembee mikono mitupu?"

Kesho bila kukosa.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua haikunipa nafasi ya kutoka. Ndivyo nilivyojiambia. Nilitoka mara mbili kununua uzi.

Alhamisi, 3 Aprili

Saa tisa mchana. Nilikuwa nyumbani, kituo kilifungwa mapema kwa sababu ya maji yaliyofurika. Mlango ukafunguka, kaingia mwanangu, kalowa, shati lote mbele lina damu.

Nilimshika kila mahali. Kichwa, tumbo, mbavu.

"Si yangu," akasema.

"Ya nani?"

"Ya Kidevu."

"Umemfanya nini?"

"Nimembeba."

Nikamkalisha. Alisimulia huku meno yanagongana. Kidevu alivuka daraja peke yake, mchana kweupe, mikono juu. Alikuja kuwaambia wa Tangini kwamba kwao wembe haupo, wamesachiana wote, na kama huku pia haupo basi watafute pamoja, darasa lifunguliwe. Wavulana wawili hawakumwacha amalize. Mmoja ni yule wangu wa kola. Walimpiga nondo begani, akaangukia ukingo wa mtaro, kichwa kikapasuka. Mwanangu alimlalia juu mpaka wakaacha, kisha akambeba mgongoni hadi zahanati. Bega limevunjika. Kichwa wamekishona. Ataishi.

"Nakwenda kusema," akaniambia.

"Kusema nini?"

"Kwamba wembe nilikuwa nao mimi. Mzee aliniazima Ijumaa ile, walipokwisha kuhesabu. Mkono ulikuwa unanitetemeka nikimfikiria Kidevu, akaniambia nikafanyie mazoezi nyumbani, niurudishe Jumatatu mapema kabla ya kengele. Nikaupoteza. Nikamwahi njiani nikamwambia. Akasema nifunge mdomo."

"Kwa nini?"

"Si unajua kwa nini. Alisema yeye gereza analijua, mimi silijui. Kila nikienda kuteka maji nampitia nimwambie nataka kusema, kila mara ananirudisha nyumbani. Ananiambia, kaa na mama yako."

Nilisimama. Sikumbuki kuvuka chumba. Nikalishusha kopo, nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko katika vifungo vya mama yangu, nikautoa nikauweka mezani mbele yake.

Nilidhani atapiga kelele. Aliutazama, akaugeuza akasoma namba.

"Tangu lini?"

"Jumamosi ile ya kufua."

Akahesabu kwa vidole, taratibu. "Siku kumi na mbili." Kisha akasema, "Tulinyanyua godoro, mama. Ulishika upande wako."

Nikamwambia niliogopa watampeleka gerezani. Ni kweli, ila ni nusu, na damu ya mtoto wa watu ilikuwa inakauka kwenye shati lake, kwa hiyo nikatoa na nusu ya pili. Nikamwambia nilimwonea wivu kinyozi. Nilimwambia habari ya viatu. Nilimwambia nilipenda anavyonimenyea vitunguu. Nilikuwa nalia, lakini sikulia ili anihurumie, na sidhani kama alinihurumia.

Aliufunga wembe kwenye kile kitambaa cha maua. "Twende," akasema.

Hatukuchukua mwavuli.

Ijumaa, 4 Aprili

Jana sikuweza kumaliza.

Msimamizi alikuwa ofisini peke yake. Nilimwambia yote, mwanangu amesimama mlangoni. Akaagiza kinyozi aitwe. Alipofika na kuuona wembe mezani, jambo la kwanza alilofanya ni kumtazama mwanangu kama yuko salama. Jambo la pili ni kunitazama mimi, na nikaona ameelewa kabla sijafungua mdomo.

"Kwa hiyo uliazimisha kinyume cha sharti," Msimamizi akamwambia.

"Ndiyo."

"Na ulikuwa tayari kufukuzwa."

"Kijana hakuiba, mama. Mimi ndiye niliyempa. Ningemtaja, nani angeniamini mimi kwamba hakuiba?"

Hakuuliza wembe ulikuwa wapi. Wala hakunisema. Heri angenisema. Hata pale, nikiwa na aibu hadi kwenye kucha, nilimwonea wivu jinsi alivyosimama.

Hukumu ya Msimamizi: mwanangu hana kosa, barua haitakwenda kwa hakimu. Kinyozi anarudi, kwa onyo. Mimi nakaa nyumbani hadi mvua ziishe, na kama nitarudi, wataamua vijana. Wale wawili wamechukuliwa na polisi. Yule wa kola ana miaka kumi na tano. Kituo hakikuweza kumzuia asiende.

Jumatatu, 7 Aprili

Mwanangu anakula, anaosha sahani yake, analala. Ananisalimia.

Jumatano, 9 Aprili

Ananisalimia.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilikwenda kwa mama yake yule wa kola. Hakunifungulia. Aliniongelesha dirishani, sauti ya chini: "Ulijua siku zote hizo?" Nikasema ndiyo. Akavuta pazia.

Nilikwenda pia hospitalini. Kidevu kafungwa bega hadi kifuani, ndevu zimemzidi, anaonekana baba wa watoto. Nilimpima kwa macho ili nimshonee shati la kufunguka ubavuni, asilazimike kuinua mkono. Nilimweleza mimi ni nani na nilifanya nini. Akajikuna ndevu kwa mkono mzima.

"Nukta ananinyoa lini?" akauliza.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua zimepungua. Mama Pacha kaniuliza mbona sicheki siku hizi. Nimemwambia naumwa jino.

Jumatatu, 28 Aprili

Jua tangu asubuhi. Msimamizi alituma mlinzi wa geti kuniita. Nilidhani ni kuniaga.

Walikuwa wote chumbani kwa kinyozi, pande zote mbili zimechanganyika ukutani. Nyembe kumi na mbili kwenye sanduku. Kidevu amekaa kwenye benchi na lile shati langu. Mashuka yangu yametundikwa msumarini.

Kinyozi alieleza, bila hotuba. Alisema kila aliyekuwa na mkono katika wembe wa saba atakaa kitini leo, ndipo darasa lianze upya. Alianza yeye. Kwa kuwa aliyekosewa ni Msimamizi, akamwomba Msimamizi amnyoe. Mwanamke yule hajawahi kushika wembe maishani. Alimkata mara mbili shavuni, na kila mara vijana walicheka na kinyozi akasema, "Endelea, mama, nina shavu jingine."

Wa pili, mwanangu. Alinyolewa na mdogo wa Kidevu, kichwa kizima. Hakufumba macho.

Kisha mwanangu akamnyoa Kidevu. Nilisimama mlangoni nimejishika mikono ili isiingilie. Kidevu aliegemeza kichwa nyuma, koo lote wazi, bega lake bovu limeninginia. Mwanangu alipaka sabuni bila haraka. Alivuta ngozi kwa vidole viwili kama fundi. Alipofika chini ya taya, pale ambapo wote husimama, hakusimama.

Nilitaka kupiga makofi. Lakini kinyozi alikuwa nyuma yake, hatua mbili, na ni yeye ambaye mwanangu alimgeukia alipomaliza. Iliniuma. Nimeandika iliniuma, na ni kweli.

"Amebaki mmoja," kinyozi akasema.

Hakuna aliyenisukuma. Nilitembea mwenyewe, nikavua kilemba, nikakaa. Nywele zangu zimejaa mvi pembeni na hakuna aliyeziona kwa miaka. Kinyozi alinifunika shuka na kufunga kifungo shingoni. Likanibana. Likanibana hasa, nikakohoa, na mikono yangu ikapanda yenyewe kulilegeza.

"Yote yako hivyo," akaniambia taratibu, sikio langu tu ndilo lililosikia. "Wamezoea."

Alijua. Tangu siku ya kwanza alijua, na hakuwaambia.

"Nitayapanua shingo yote leo," nikasema.

"Tukimaliza, dada." Kisha akageukia chumba na kupaza sauti. "Haya. Sharti mnalijua. Hanyolewi na wa upande wake. Nani wa upande wa pili atamnyoa Mama Fundi?"

Vijana wa Machinjioni wakatazamana. Mdogo wa Kidevu akaanza kuinuka.

"Kaa," sauti ikasema. "Wa upande wa pili ni mimi."

Mwanangu alitoka ukutani. Kichwa chake kilichonyolewa kiling'aa kwa jua la dirishani. Alikwenda kwenye sanduku, vidole vyake vikapita la kwanza, la pili, hadi tundu la saba, akautoa wembe, akaukunjua. Hakuna aliyembishia, wala kinyozi. Mimi pia sikubisha.

Akasimama nyuma yangu. Nikasikia sabuni ya baridi kichwani, kisha kiganja chake kikaniinamisha shingo mbele, sio kwa nguvu.

"Tulia, mama," akasema.

Nikatulia.